Watoto wa Shingo Upande

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti jeupe ambalo mama yangu alilipiga pasi ya makaa kule Werugha, nikateremka Voi nikiwa na hakika kwamba nitakabidhiwa miguu iliyovunjika. Nilikuwa nimesomea fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi, na hospitali niliyopangiwa ilipokea majeruhi wengi wa barabara kuu ya Mombasa. Nilijiona nikiwafundisha madereva wa malori kutembea tena, mmoja baada ya mwingine, na jina langu likivuma hadi Mariakani. Badala yake Msimamizi wa Idara, mama wa makamo kutoka pwani, mwenye buibui na miwani iliyofungwa kamba shingoni, alinikabidhi kitoto cha wiki chache kilichoviringishwa leso.

"Mgonjwa wako huyu, Bwana Mghanga," alisema. "Mamake anasema kichwa chake chaelekea upande mmoja tu."

Nilipokea amri ile shingo upande, kama wasemavyo Waswahili. Nilimlaza mtoto kwenye godoro, na kwa kutaka kuonyesha kwamba chuoni sikulala darasani, nikashika kichwa chake kwa mikono miwili ili nikinyooshe. Msimamizi alinipiga kofi dogo la kiganjani.

"Mwanangu, hiyo ni shingo, si kifuniko cha chupa. Keti. Mtazame kwanza."

Tulikaa, sisi wawili na mama wa mtoto, tukakitazama kile kitoto kikiangalia ukuta. Msimamizi alikirudisha kichwa katikati kwa ncha za vidole, akaachia. Taratibu kikageukia kule kule.

"Watoto wachanga wengi hupenda kulia," alisema.

"Ndiyo, Bi Msimamizi," nikajibu, "hata huyu amelia tangu aingie."

Alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka miwani ikamteremka kifuani, na mama wa mtoto naye akacheka. "Si kulia kwa machozi! Mkono wa kulia! Mlaze chali mtoto mchanga, mweke kichwa katikati, mwache. Wengi wao wataangukia kulia wenyewe. Wachache huenda kushoto. Ndivyo walivyoumbwa. Shingo ikipata nguvu, macho yakianza kutafuta watu, upendeleo ule hupungua, kichwa kikakaa katikati na kugeuka kokote. Kazi yako si kuwazuia kupenda upande. Kazi yako ni kujua yupi anapenda na yupi hawezi."

Kisha akanionyesha jinsi ya kujua. Alichukua kitambaa chekundu, akakipitisha polepole mbele ya macho ya mtoto, kutoka kulia kuvuka katikati hadi kushoto. Macho yalikifuata, na kichwa nacho kikafuata, kwa kusitasita, lakini kikafika. Basi yule alikuwa anapenda tu. Mama yake aliambiwa azungumze naye zaidi kutoka upande wa kushoto, akarudi nyumbani Mwakingali akiwa mwepesi kuliko alivyokuja.

Ninyi mnaoanza kazi leo mna mashine za kuangalia ndani ya msuli, na hilo ni jambo jema. Lakini nawaambieni jinsi tulivyofanya sisi, kwa sababu mtoto wa leo bado huja akiwa amefungwa leso ile ile, na mama yake bado ana hofu ile ile.

Baada ya miaka kadhaa Voi nilihamishwa vilimani, karibu na kwetu. Huko Muuguzi Mkuu alikuwa mwanamke mfupi wa Kidawida, mkali, ambaye hakuwahi kukaa kitini akiwa kazini. Ukungu wa asubuhi ulikuwa ukiingia mpaka ndani ya kliniki, na watoto waliletwa wamefungwa sweta, shali na blanketi mpaka pua ndiyo iliyobaki nje. Mtoto aliyefungwa hivyo hageuki hata akitaka. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kufungua, tabaka baada ya tabaka, kama mtu anayemenya kabichi, huku bibi za watoto wakinilaumu kwamba nitawaua kwa baridi.

Nilipokuwa huko ndipo ushauri wa kulaza watoto ulipobadilika. Zamani akina mama wengi waliambiwa wawalaze kifudifudi, ati watalala vizuri na hawatapaliwa na maziwa. Sasa tukaagizwa tufundishe kwamba mtoto alale chali, uso juu, maana waliolala kifudifudi ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kukosa pumzi usingizini. Tulifundisha. Muda si mrefu tukaanza kuona jambo jipya: visogo bapa. Fuvu la mtoto mchanga ni laini, na kisogo kikiegemea mahali pamoja kila siku, hubonyea hapo kama donge la chapati chini ya kiganja. Akina mama walikuja wakilia kwamba tumewaharibia watoto sura.

Nilikwenda kwa Muuguzi Mkuu nikamuuliza tuwaambie nini.

"Waambie ukweli," alisema akiwa njiani kwenda wodini, nami nikimkimbilia nyuma. "Kichwa bapa hurudi. Mtoto aliyekosa pumzi harudi."

Halafu akasimama, jambo ambalo ni nadra, akaongeza: "Na uwaambie akiwa macho, mtu mzima akimwangalia, wamlaze kifudifudi acheze. Kulala ni chali, kucheza ni tumbo. Mama hawezi kusahau hilo."

Kweli hawakusahau. Mpaka leo ukipita vijiji vile utasikia bibi akimwambia mkwe wake, "Mtoto ameamka, mpe tumbo."

Kutoka vilimani nilipelekwa Taveta, kwenye joto, migomba na mbu. Huko sikukaa sana, lakini nilijifunza kitu ambacho chuoni hawakunifundisha. Kulikuwa na mama mmoja mkulima kutoka upande wa Chala, aliyekuja na mtoto wake wa tatu, na wote watatu, alisema, walikuwa wakiangalia kushoto walipokuwa wachanga. Alidhani ni damu ya ukoo. Nilimpima yule mdogo, sikuona kasoro. Nikamwambia aende. Alipofika mlangoni akaanza kumbeba mtoto mgongoni, akainama, akamtupia leso juu, akafunga. Shavu la kulia la mtoto lilitua mgongoni, uso ukatazama kushoto.

"Mama, ngoja," nikamwambia. "Mfungue, umbebe tena."

Alimbeba tena. Shavu lile lile. Nilimwomba afanye mara nyingine, na mara nyingine, mpaka akaudhika. Mkono wake ulikuwa umezoea njia moja ya kumpokea mtoto mgongoni, na hao watoto watatu waliopanda mlima na kushuka naye shambani walikuwa wameangalia migomba ya upande mmoja tu maisha yao yote. Tangu siku hiyo, kila mama aliyeingia mlangoni kwangu, kabla sijamgusa mtoto, nilimwomba ambebe na amshushe mbele yangu. Ukimlaza shavu la kulia wakati wa kwenda, mlaze la kushoto wakati wa kurudi. Ni hilo tu.

Nimeyasimulia haya ili mwelewe nilivyokuwa niliporudishwa Voi, mara hii nikiwa mimi mwenyewe Msimamizi wa Idara. Nywele zilikuwa zimeanza mvi na nilidhani shingo za watoto hazina jipya la kunitisha. Ndipo akaja Nekesa.

Nekesa alikuwa binti wa fundi mmoja wa reli, Wafula, kijana mpole aliyetoka magharibi na kuishi na mkewe Nasimiyu katika nyumba za reli. Mama yake Wafula alikuwa amesafiri kutoka kwao kuja kumlea mjukuu. Wote wakamwita Kukhu, yaani bibi kwa lugha yao, nami nikamwita hivyo hivyo. Mtoto alikuwa amezaliwa katika kituo kimoja kidogo cha afya nje ya mji, mikononi mwa mkunga ambaye nitamwita Sista Mkamburi. Uchungu ulikuwa mrefu, mtoto alikuja akiwa ametanguliza makalio, na Sista alimtoa salama. Lakini mwezi haukuisha kabla Kukhu hajagundua kwamba kichwa cha mtoto kimeinamia bega la kulia, na kidevu kimeelekea kushoto, na hakitoki huko. Kisha akapapasa shingo, akakuta uvimbe mgumu kama harage.

Siku waliyoingia kwangu, Kukhu ndiye aliyembeba mtoto na ndiye aliyesema.

"Daktari, mtoto hii shingo yake imevunjwa. Huyo sista alivuta. Nilikuwa nje ya mlango, nilisikia yeye anasema vuta."

"Alisema sukuma, Mama," Nasimiyu alisema kwa sauti ndogo. "Aliniambia mimi nisukume."

"Wewe ulikuwa na uchungu, utajua nini?"

Nilimwomba Kukhu amlaze mtoto godoroni. Nikakaa, nikatazama. Mikono yote miwili ilicheza sawasawa, basi mishipa ya fahamu ya mabega ilionekana nzima. Nilipapasa mitulinga, ile mifupa miwili ya juu ya kifua ambayo wakati mwingine huvunjika mtoto anapozaliwa. Ilikuwa laini, bila kifundo. Uso haukuwa umelegea upande. Nilipitisha kitambaa chekundu. Macho yake, macho mazuri meusi, yalikifuata kutoka kushoto, yakafika katikati, yakavuka, lakini kichwa kilibaki nyuma. Alijitahidi, akakunja uso, akalia. Huyu hakuwa anapenda. Huyu hakuweza.

Nilipapasa lile harage. Lilikuwa ndani ya msuli unaoanzia nyuma ya sikio ukashuka kwa mshazari mpaka kwenye mtulinga. Geuza kichwa mbele ya kioo utauona umesimama kama kamba. Wa kulia wa Nekesa ulikuwa mfupi na mgumu. Ninyi vijana mnajua ugonjwa huo kwa jina lake refu la vitabuni. Sisi tuliuita shingo kombo. Mara nyingi hutokana na jinsi mtoto alivyobanwa tumboni, hasa aliyekaa makalio chini, kabla mkono wa mtu yeyote haujamgusa. Nilikuwa karibu na hakika. Lakini shingo inaweza kupinda kwa sababu nyingine, mfupa wa shingo ukiwa na kasoro, na mtu akianza kunyoosha shingo ya namna hiyo anaweza kuharibu kitu kisichorudi. Nikapima na nyonga zake, maana watoto wa shingo kombo baadhi yao huwa na nyonga legevu, na Msimamizi wangu wa zamani alitufundisha kutoziruka. Nyonga zilikuwa salama.

"Nataka picha ya mifupa ya shingo," niliwaambia. "Aende Mombasa, kwa daktari wa mifupa ya watoto."

Kukhu alitikisa kichwa. "Nyumbani kuna mzee anarudisha mifupa. Babake alikuwa anarudisha, babu yake alikuwa anarudisha. Anashika hivi, anapiga mara moja, krak! Inarudi. Jumamosi mimi nachukua huyu mtoto naenda na yeye."

Sitasahau jinsi mikono yake ilivyoonyesha ile krak. Nilimtazama Wafula. Alitazama sakafu. Ni mama yake, na mtoto ni wake, na alikuwa amekatika katikati.

Wazee wetu husema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Nilitoka kwenye kiti, nikachuchumaa mbele ya yule mama ili macho yangu yawe chini ya yake.

"Kukhu," nilisema, "huyo mzee wa nyumbani, akiletewa mguu uliovunjika, huwa anaupapasa kwanza au anaupiga kwanza?"

"Anapapasa. Anapapasa sana."

"Anatafuta nini?"

"Anatafuta mahali imevunjikia."

"Basi hii picha ndiyo kupapasa kwangu. Mfupa wa shingo uko ndani, vidole vyangu havifiki, na vyake havitafika. Nakuomba, mtu yeyote asiishike shingo hii, mimi nikiwemo, mpaka tumejua."

Alimtazama mjukuu wake. Mtoto aliangalia kushoto kama kawaida yake.

"Nitangoja picha," alisema mwishowe. "Picha pekee."

Wakati huo malalamiko yalikuwa yameshafika ofisini. Kukhu alikuwa amekwenda mwenyewe, akaeleza kwamba mkunga amemvunja mjukuu wake shingo, na habari ikasambaa sokoni kabla ya saa sita. Kituo kile kilikuwa kinategemewa na wake wa vibarua wa mashamba ya mkonge na wafugaji wa upande wa Ndara, na wakaanza kuogopa. Waliokaribia kujifungua walisema ni heri wazalie nyumbani. Sista Mkamburi aliambiwa akae pembeni mpaka kikao cha nidhamu kikae.

Daktari Mkuu wa hospitali aliniita. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyependa majibu ya ndiyo na la.

"Mghanga, shingo ilivunjwa au haikuvunjwa?"

"Nadhani haikuvunjwa, Daktari."

"Nadhani si jibu. Kikao kitaniuliza."

"Basi sijui mpaka picha irudi."

Alikaa akinitazama, nikafikiri amekasirika. "Hilo ni jibu," alisema. "Nitawaambia kikao kisubiri. Sitaki mama huyu apoteze kazi kwa sababu ya nadhani, na sitaki aponee kwenye nadhani."

Wafula, mkewe na Kukhu walisafiri na mtoto. Siku ya majibu Sista Mkamburi alikuja idarani kwangu. Hakuwa na koti la kazi. Alivaa gauni la kawaida na alionekana mdogo kuliko siku zote. Alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa upande ule. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa, nami nikaendelea na kazi, mzee mmoja aliyepooza mkono, kisha msichana wa goti. Simu yangu niliiweka juu ya meza mahali tulipoweza kuiona sote wawili.

"Nimeirudia saa ile kichwani," aliniambia, "kila nilipoweka mkono. Nimeirudia mpaka sasa naona vitu ambavyo havikuwepo. Labda nilivuta, Mghanga. Labda nilivuta na sikujua."

Nilimpa chai, ikapoa.

Simu ililia adhuhuri. Alikuwa Wafula, na kelele za barabara nyuma yake.

"Daktari! Mfupa ni mzima! Anasema mfupa wote ni mzima, hakuna mahali imevunjika, hakuna mahali imekaa vibaya. Ni msuli tu! Anasema ni vile alikuwa amejikunja kwa tumbo. Anasema turudi kwako tufanye mazoezi. Daktari, unanisikia?"

Nilikuwa nimeweka sauti ya simu juu, kwa hivyo Sista alisikia yote. Aliinuka, akatoka nje mpaka kwenye bomba la uani, akafungua maji, akainama akanawa uso, na akaendelea kunawa, maji yakimlowesha gauni mpaka kiunoni, na mzee wangu aliyepooza mkono akaniuliza, "Huyo mama amepatwa na nini?"

"Amepona," nikamwambia.

Kukhu hakuenda na mtoto kwa yule mzee. Alikuja kwangu, akaketi, akasema, "Haya, nifundishe mimi. Huyu mama yake anaogopa mtoto akilia."

Nikamfundisha. Mkono mmoja unatuliza bega la kulia, mwingine unakipeleka kichwa taratibu, sikio la kushoto kuelekea bega la kushoto, unahesabu pumzi, unarudisha. Kisha kidevu kinageuzwa kulia, polepole, kamwe bila kulazimisha; mtoto akikaza, unangoja. Nilimwonyesha kumbeba kwa ubavu, ubavu wa kulia ukiwa chini, mkono wa mlezi ukiwa mto chini ya sikio, hivyo akitembea naye uwanjani msuli unanyooka bila mtoto kujua kwamba anatibiwa. Nasimiyu tulimwonyesha jinsi ya kumshika wakati wa kunyonya ili titi alikute upande asioupenda.

Halafu nikaenda nyumbani kwao, maana shingo haiishi kliniki. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda kimesukumwa ukutani, na mtoto alilazwa hivi kwamba mlango, mwanga, sufuria na watu wote vilikuwa kushoto kwake. Kulia kulikuwa na ukuta tu. Nani angejisumbua kugeukia ukuta? Wafula alitaka kubomoa rafu ili akihamishe kitanda. Nilimzuia. Tulimgeuza mtoto tu, kichwa kikaja kulikokuwa miguu, na dunia yote ikahamia kulia kwake.

Kukhu aliketi siku zote upande huo wa kulia. Aliimba nyimbo za kwao, akapiga kijiko kwenye kikombe cha bati, akamwita kwa majina ya mama zake wote waliotangulia. Wiki za kwanza hakukuwa na tofauti, na nilianza kuogopa kwamba Kukhu atachoka. Hakuchoka. Harage likapungua, likawa kama punje ya mtama, kisha vidole vyangu vikaanza kulitafuta bila kulipata. Asubuhi moja Wafula alikuja mbio idarani baada ya zamu yake ya usiku, mikono ikiwa bado na grisi, kuniambia tu kwamba ameingia nyumbani akasimama kulia kwa kitanda, kimya, hakuita, na mtoto amegeuka akamwangalia.

"Mpaka huku," alisema, akijigusa bega lake la kulia kwa kidevu. "Mpaka huku kabisa, Daktari."

Sista Mkamburi alikuwa amerudishwa kazini. Siku ya chanjo ya Nekesa nilikuwa kwenye kile kituo kwa ziara yangu ya mwezi. Akina mama walikuwa wamejaa barazani, na Kukhu akaingia na mjukuu, na mazungumzo yakakatika, maana kila mtu alijua. Sista alikuwa amesimama mezani. Alijishughulisha na pamba.

Kukhu alipita foleni yote, hakuna aliyemzuia, akasimama mbele yake. Nilifikiri atasema neno, la kuomba radhi au la kugomba, na nadhani hata yeye alikuwa amelitayarisha. Lakini halikuja. Alimfungua mtoto mgongoni, akamnyooshea Sista mikono iliyojaa.

"Mshike," alisema.

Sista akamshika. Nekesa aliangalia lile koti jeupe, akageuza kichwa huku, akakigeuza kule, akiwatafuta watu wa baraza zima. Akina mama wakapiga vigelegele. Wawili kati yao, nakumbuka, walikuwa na matumbo makubwa, na mmoja wao aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoamua kwamba hatazalia nyumbani.

Niliendelea na kazi mpaka umri wa kustaafu. Nilifanya kazi na Madaktari Wakuu wengine, wengine wema na wengine wa kuvumiliwa, na wilaya ikawa kaunti, na idara yangu ikapata vijana walioniita "mzee" kwa heshima na wakati mwingine kwa sababu tu nilikuwa polepole. Si watoto wote niliowashika walitoka kama Nekesa. Wapo ambao shingo ilikuwa dalili ya jambo kubwa kuliko shingo, na hao niliwapeleka kwa wenye ujuzi wao na kuwaombea. Lakini nikikaa sasa nikipiga mahesabu ya moyoni, naona kwamba wengi zaidi walipona, na wengi wa hao hawakuwa wagonjwa kabisa. Watu hudhani tabibu hufurahia ugonjwa alioutibu. Mimi nawaambia, furaha yangu kubwa ilikuwa kutokuta ugonjwa.

Siku hizi niko Werugha, na ng'ombe wawili na matuta ya mboga. Jumapili moja ya hivi karibuni, baada ya ibada, mwalimu mmoja kijana wa shule ya hapa alinifuata na mtoto wake wa kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba mtoto anayeangalia upande mmoja huenda ana kasoro ya ubongo, na tangu hapo alikuwa akikaa macho kumchunguza. Mumewe alisimama nyuma yake na mkoba wa nepi.

Nilitandika leso kwenye nyasi. Mtoto akalala chali, akaangukia kulia, akakaa hivyo kwa raha zake. Mama yake akaanza kulia machozi. Nikamwambia angoje. Nilitazama mikono, miguu, macho. Nikapapasa shingo pande zote mbili, ikawa laini kama ndizi mbivu. Nikamwambia baba mtu aende kushoto, apige magoti, aite jina. Akaita. Mtoto akafikiri kidogo, kama mtu aliyeitwa akiwa katikati ya chakula, kisha akageuka mpaka mwisho kumwangalia babake. Alipomaliza kumwangalia akarudi kulia kwake.

"Hana kitu, mwalimu," nikasema. "Anapenda huko tu. Akikua kidogo ataacha. Mpe tumbo akiwa macho, mbebe shavu huku na shavu huku, na wewe nenda ukalale."

"Una hakika, mzee?"

"Nina hakika."

Mumewe alikuja jioni kuchukua maziwa. Aliniambia walipofika nyumbani mkewe aliketi kitandani kuvua viatu, akavua kimoja, akaanguka usingizi, na alikuwa bado amelala hata sasa, mtoto kando yake, yeye ameelekea ukutani na mtoto ameelekea dirishani, wote wawili wakikoroma.